Mtoto kamwambia bibi "nilikimbia nyumbani": hivi watoto wa lugha tofauti wanajifunzaje kuusema mwendo?

#1 Mama_Uyole
Wakuu, salamu. Kuna jambo limenitokea na sijui niliweke kwenye malezi au kwenye lugha.

Nina watoto wawili. Mkubwa ana miaka 9, wa ingilishi midiamu tangu chekechea, na baba yake alikuwa hamsemeshi Kiswahili kabisa ili "azoee". Mdogo ana miaka 6, kalelewa na bibi yake Tukuyu mpaka mwaka jana, anaongea Kinyakyusa na Kiswahili. Juzi mkubwa kampigia bibi simu: "Bibi, mvua ilikuja kubwa, nikakimbia nyumbani." Hata simu haijapoa, mama mkwe yuko hewani na mimi, sauti imebadilika: "Mjukuu wangu katoroka kwa nini? Mmemfanya nini?" Kumbe mtoto alikuwa shambani kwa jirani, mvua ilipoanza akakimbilia nyumbani. Hajatoroka popote, alikuwa amekaa jikoni anatafuna mahindi.

Tangu hapo nikaanza kuwasikiliza. Jogoo wa jirani alifukuzwa na mbwa akapitia jikoni kwetu. Mkubwa akasimulia: "Jogoo amekimbia ndani ya jiko, ameruka juu ya meza, ameruka nje ya dirisha." Mdogo: "Jogoo kaingia, kapanda mezani, katokea dirishani. Mbio!" Jogoo ni yule yule na wote walikuwepo.

Sasa nauliza. Mkubwa kaharibiwa na Kiingereza tu, au kweli kila lugha inamfundisha mtoto kuusema mwendo kivyake? Na wakiusema tofauti, ina maana wanauona tofauti?

#2 Fundi_Simu_Kabwe
Siti ya mbele. Ngoja waje wenye elimu yao.

#3 Kitonga_Express
Ada unalipa mamilioni, mtoto anarudi hawezi kuongea na bibi yake bila kuzua kesi ya ustawi wa jamii. Hongera zenu.

#4 Mwl_Chaki
Mama_Uyole, swali lako lina watu waliolifanyia kazi miaka mingi, ngoja nijaribu.

Leonard Talmy, mwanaisimu wa Marekani, aliandika mwaka 1985 kwamba kwenye tukio la mwendo kuna *njia* (kuingia, kutoka, kupanda, kushuka, kuvuka) na kuna *namna* (kukimbia, kutambaa, kuruka, kuchechemea). Lugha zinapishana kwenye kipi kinakaa ndani ya kitenzi kikuu. Kiingereza na Kijerumani hutia namna kwenye kitenzi, kisha njia wanaibandika pembeni kwa kijineno kidogo, mfano *out* ya Kiingereza. Kihispania, Kituruki na Kiebrania hutia njia kwenye kitenzi, na namna inakuja baadaye kama ipo nafasi. Kiswahili, kwa masikio yangu, kinaelekea upande wa Kihispania: "kaingia akikimbia", "katoka mbio".

Ndipo akaja Dan Slobin. Yeye na Ruth Berman walichapisha kazi kubwa mwaka 1994. Walichukua kitabu cha picha tupu cha Mercer Mayer cha 1969, mvulana na mbwa wake wanamtafuta chura aliyetoroka, wakawapa watoto wa miaka 3, 5 na 9 pamoja na watu wazima, katika lugha tano: Kiingereza, Kijerumani, Kihispania, Kiebrania na Kituruki. Kila mtu asimulie anachokiona. Kuna picha bundi anachomoza kwenye tundu la mti. Baadhi ya wa Kiingereza wanasema karuka kwa mabawa kuja nje, wa Kihispania wanasema katoka. Kuna picha swala anamtupa mvulana kutoka kwenye genge. Wa Kiingereza anaunganisha safari nzima kwenye kitenzi kimoja: kutoka gengeni, kwenda chini, hadi majini. Wa Kihispania anakuchorea mahali kwanza, kwamba kuna genge na chini kuna bwawa, halafu anasema mtoto kaanguka. Safari unaijaza mwenyewe.

Tofauti hiyo iko tayari kwa mtoto wa miaka 3. Haisubiri shule.

Kwa hiyo mkubwa wako hajaharibika. Anatumia fremu ya Kiingereza akiijaza maneno ya Kiswahili. Tatizo ni kwamba "nyumbani" yetu haikuambii mtu anakwenda au anatoka: *yuko* nyumbani, *kaenda* nyumbani, *katoka* nyumbani, neno ni lile lile. Mwelekeo umebebwa na kitenzi, na "kukimbia" pale bila kiungo kingine, bibi anasikia kutoroka. Bibi alisikia sawasawa.

#5 Parachichi_Rungwe
Mwl_Chaki ndaga fijo. Hii elimu tungeipata shuleni tusingekuwa tunasinzia.

#6 BintiKalenga
Mwalimu hapo #4 ametuuzia mbuzi kwenye gunia kidogo. Kwanza, si swala anayemtupa mtoto, ni paa dume mwenye pembe za matawi, yule wa kwao Ulaya na Marekani. Mtoto anashika pembe akidhani ni matawi ya mti. Wanyama wa aina hiyo Ruaha hawapo.

Pili na kubwa zaidi: mnaongea kama vile Kiswahili hakina namna za mwendo. Tunazo tele: nyata, sota, tambaa, chechemea, pepesuka, jikongoja, bingirika, serereka, yumba, randa, jongea, dandia, chapuka. Mtoto wa miaka 4 hapa Iringa anajua tofauti ya kusota na kutambaa kwa sababu suruali inachakaa mahali tofauti!

Tatu, mmeikimbia "kimbilia". Kiswahili kinaongeza *-ia* na kitenzi cha namna kinapata mwelekeo hapo hapo: kakimbilia ndani, karukia mezani, katambalia uvunguni. Namna na njia kwenye neno moja. Hiyo Kihispania hakina. Sasa tuko kundi gani?

#7 Ndizi_Mzuzu
"Kakimbilia chooni" haina maana kafika chooni. Nawaambia kwa uzoefu wa stendi ya Makambako.

#8 Kitonga_Express
Hahahaha #7 pole sana kaka

#9 Mwl_Chaki
#7 kacheka lakini kagusa penyewe. *-ia* inakupa shabaha, haikupi kuvuka mlango. "Alikimbilia chooni lakini hakufika" ni sentensi halali, hata kama inasikitisha. "Aliingia chooni lakini hakufika" haisemeki. Wenzetu wa isimu wameliona hilo kwenye Kihispania pia: kitenzi cha namna kinakubalika ukisema "mpaka" mahali fulani, kinakataa pale mtu anapovuka kizingiti na kuwa ndani. Kwetu "mpira umebingirika hadi mtoni" ni safi. "Mpira umebingirika ndani ya nyumba" mimi nasikia umo ndani unabingirika huko huko.

BintiKalenga, kuhusu pembe uko sahihi. Kuhusu wingi wa vitenzi, kuwa na neno si sawa na kulitumia. Swali ni mtoto akisimulia haraka bila kujipanga, neno lipi linatangulia. Wa Mama_Uyole katanguliza "kaingia". Mbio kaileta mwisho, tena peke yake.

#10 BintiKalenga
Hapo "umebingirika ndani ya nyumba" mimi nasikia umeingia. Na nimemuuliza mama hapa, naye anasikia umeingia. Tusikubaliane.

#11 Dereva_Mstaafu
Nimesoma yote. Vijana, mnatafuta kwenye kitenzi kitu ambacho kiko kwenye ardhi.

Mimi nimeendesha njia ya Dar–Tunduma na zile za ndani. Hapa kwetu kila mwendo ni kupanda au kushuka. Iringa mjini iko juu, barabara kuu inapita chini Ipogolo kando ya Ruaha Mdogo. Mtu wa Ipogolo hasemi "naenda mjini", anasema "napanda mjini". Jioni "anashuka". Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500, kwa hiyo Kyela tunashuka, hakuna anayeenda Kyela. Mtoto aliyezaliwa humu anasikia kupanda na kushuka kabla hajajua kulia na kushoto. Mpeleke mtoto wa pwani, yeye ni kwenda na kurudi.

Halafu tena gari nalo tunapanda na kushuka. Mjukuu wangu aliniambia "baba kashuka", nikauliza kashuka gari au kashuka Ipogolo? Akasema "vyote". Jibu zuri kuliko swali.

#12 Mtafiti_Kijiweni
Mzee Dereva #11 yuko karibu na jambo halisi. Kuna Wamaya wa Tenejapa, nyanda za juu za Chiapas huko Meksiko, wanaongea Kitzeltal. Penelope Brown na Stephen Levinson wamekaa nao muda mrefu. Ardhi yao inateremka kutoka kusini kwenda kaskazini, na lugha yao inatumia "upande wa juu" na "upande wa chini" hata mahali tambarare, hata juu ya meza: sogeza kikombe upande wa mlimani. Watoto wao wanaanza kutumia vitenzi vya kupanda na kushuka mapema mno, hata kwenye miaka 2, kabla hawajaanza kufafanua mengine. Wanasaikolojia wa zamani walidhani mtoto lazima aanze na mwili wake, mbele na nyuma yangu, ndipo aje mazingira. Wale watoto hawakusubiri.

Ila tahadhari mzee: kule mlima umeingia kwenye sarufi. Huku kwetu "kupanda mjini" ni mazoea ya matumizi. Sio kitu kimoja.

#13 Dereva_Mstaafu
Mazoea ya miaka mia ndiyo sarufi, mwanangu.

#14 Nesi_wa_Kliniki
Jamani naomba turudi kwa watoto wadogo kabisa, maana mnaongelea wa miaka 6 na 9 ambao wameshachanganywa na kila kitu.

Mimi nawaona wa mwaka na nusu, miaka miwili. Wakinyoosha mikono wanasema "beba". Wakichoka kubebwa "shuka" au "shusha", wanachanganya hivyo viwili. Mlango ukifungwa, "toka". Yaani vitenzi vizima. Nina shemeji kaolewa Uingereza, mtoto wake wa umri huo alikuwa anasema kijineno kimoja tu cha "juu" kwa kila kitu, kubebwa, kupanda kiti, kuinua mdoli. Kijineno cha "chini" hivyo hivyo. Sijawahi kusikia mtoto wa hapa anayenyoosha mikono anasema "juu!". Angesema, mama angeangalia darini.

Kwa hiyo mimi namuunga mkono Mwalimu. Mtoto anaokota kile ambacho lugha yake inakisema kwa nguvu.

#15 Mtafiti_Kijiweni
Nesi, hilo limeandikwa kweli. Watoto wa Kiingereza huanza na vile vijineno vya njia vikiwa peke yake, kabla ya vitenzi. Na kwa Kiswahili, Kamil Ud Deen alichunguza watoto wa Nairobi, kitabu chake ni cha 2005: mwanzoni huacha kiambishi cha mtenda au cha wakati. Sasa fikiria: ukikata "a-" na "-me-", kinachobaki mdomoni ni shina la kitenzi. Toka. Ingia. Anguka. Inawezekana si kwamba wanapenda njia, ni kwamba shina ndilo linalobaki.

#16 Mnyalukolo_Mjini
Kamwene wote. Niko na huyu mwanangu wa miaka miwili, natoa ushahidi. Chaja ukutani: "chomeka". Kifuniko kwenye kalamu: "chomeka". Shati ndani ya suruali: "chomeka". Hela kwenye kibubu: "tumbukiza" (anasema "bukiza"). Nyanya kwenye ndoo: "weka". Hajawahi kuchomeka nyanya. Hakuna aliyemfundisha, maana mama yake na mimi hatujui hata kwa nini tunasema hivyo.

#17 Parachichi_Rungwe
#16 hii nimewahi kuisikia, kuna utafiti wa Wajapani juu ya vitu vinavyobana na visivyobana.

#18 Mtafiti_Kijiweni
Ni Wakorea, Parachichi. Soonja Choi na Melissa Bowerman, 1991. Kikorea kina kitenzi *kkita* kwa kitu kinachoshikana na kingine kikabana: pete kidoleni, kifuniko kwenye kalamu, kaseti kwenye kasha lake. Kwao si "ndani" wala "juu", ni kubana. Kiingereza kinakata kwingine: kaseti inaingia "ndani", kifuniko kinakaa "juu". Walikuta mtoto wa Kikorea na wa Kiingereza, wote hata miaka miwili hawajamaliza, kila mmoja ameshaanza kukata dunia kwa kisu cha lugha yake. Kabla ya hapo wengi walidhani kila mtoto duniani anaanza na "ndani" na "juu", halafu anayabandika maneno.

"Chomeka" ya #16 si *kkita* kamili. Pete hatuchomeki, tunavaa au kuvisha. Lakini inaelekea huko.

#19 Nesi_wa_Kliniki
Na hao wachanga wasiosema? Wanaona nini?

#20 Mtafiti_Kijiweni
Susan Hespos na Elizabeth Spelke, 2004. Watoto wa miezi mitano kutoka nyumba za Kiingereza waliitambua tofauti ya kubana na kulegea, wakati lugha yao haitawadai kamwe. Watu wazima wa Kiingereza kwenye jaribio lile hawakuishughulikia. Kwa hiyo wapo wanaosema mtoto anakuja na yote mfukoni, lugha inamwonyesha yapi ya kuyatumia, mengine yanasinzia.

#21 Fundi_Simu_Kabwe
Kwa hiyo sisi tumezaliwa na Kikorea kikasinzia? Basi zile tamthilia nazielewaga bila tafsiri ndiyo sababu.

#22 Kitonga_Express
#21 wewe unaelewa busu tu.

#23 Bibi_Zawadi
Mnisamehe, mimi sijasoma hivyo vitabu, nimelea wajukuu Matema na sasa niko Igawilo. Mnasema mtoto wa Kiswahili hasemi namna ya mwendo. Mmewahi kukaa na mtoto akisimulia hadithi, au mmesoma alichoandika mtu mwingine?

Mtoto hasemi "sungura alianguka majini". Anasema "sungura, *chubwi!*" na anaanguka mwenyewe kwenye mkeka. Tembo anapita *tindi tindi tindi*. Nyani anatoka *nduki*. Nyoka anapita *swiii* na kidole kinapita kwenye mkono wa mwenzake mpaka apige kelele. Mbio na uzito na utelezi vyote viko pale. Mkiandika kwenye karatasi mnaandika "akaanguka" basi, zile sauti mnazitupa, halafu mnasema hakuna.

Huyo mdogo wa Mama Uyole alisema "Mbio!" mwishoni. Alisemaje? Alipaza sauti? Alikimbia?

#24 Mama_Uyole
Shikamoo bibi. Alipiga viganja viwili, kimoja kikateleza juu ya kingine kuelekea dirishani. Na mdomo ulifanya "*fyuu*" ambayo mimi sikuiandika hapo juu.

#25 Bibi_Zawadi
Marahaba mwanangu. Si ndiyo hiyo.

#26 Mwl_Chaki
Hoja ya Bibi ni nzito. Lugha nyingi za Kibantu zina utajiri mkubwa wa hivyo viigizi, na vipimo vilivyotengenezwa kwa Kihispania na Kiingereza vinahesabu vitenzi. Viigizi vinaanguka kati ya meza mbili. Mimi sasa naona Kiswahili cha kitabuni na Kiswahili cha mkekani vinaweza kuwa makundi mawili.

#27 Shemeji_wa_Sae
Nimefurahi mmefika kwenye mikono, maana nilikuwa nakaa kimya. Sotaro Kita na Aslı Özyürek mwaka 2003 waliwaonyesha watu katuni: paka anataka kumfikia ndege jengo la ng'ambo, anajirusha kwa kamba. Wa Kiingereza wana kitenzi chepesi cha kwenda kwa kubembea, na mikono yao ilichora tao. Waturuki na Wajapani hawana kitenzi rahisi cha hivyo, na wengi wao mikono ilikwenda moja kwa moja kama vile hakuna kamba. Picha waliyoiona ilikuwa moja.

Na kuna utafiti wa 2016 wa Şeyda Özçalışkan na wenzake: watu wasioona tangu kuzaliwa, Waturuki na wa Kiingereza. Wakisimulia mwendo, mikono ya kipofu wa Kituruki inafanana na ya Mturuki anayeona, ya kipofu wa Kiingereza inafanana na ya wenzake wa Kiingereza. Hawakuiona kwa mtu. Imetoka kwenye lugha.

#28 Ndizi_Mzuzu
Hapa sasa nimenyamaza kweli.

#29 Mchaga_wa_Soweto
Mimi nina wasiwasi na uzi mzima. Mnaruka kutoka "wanasema tofauti" kwenda "wanaona tofauti" bila kulipa nauli.

Anna Papafragou na wenzake, 2008, walipima macho ya watu wa Kigiriki na wa Kiingereza wakiangalia video za mwendo. Kigiriki kinafanana na Kihispania hapo. Walipoambiwa "jiandae kuelezea", macho yaligawanyika: wa Kigiriki yalikimbilia kule mtu anakoelekea, wa Kiingereza yalikimbilia namna anavyokwenda, mfano viatu vya magurudumu. Walipoambiwa waangalie wakumbuke bila kusimulia, tofauti ile haikuwepo wakati wakitazama mwendo. Kwa hiyo watoto wa Mama_Uyole walimwona jogoo yule yule. Walipofungua mdomo ndipo kila mmoja akashika njia yake. Slobin mwenyewe anaiita kufikiri kwa ajili ya kusema. Hasemi kufikiri moja kwa moja.

#30 BintiKalenga
#29 nakubali nusu. Lakini mtoto anasimulia kutwa nzima. Kama kila anaposimulia macho yanaenda kule, baada ya miaka kumi bado ni "kwa ajili ya kusema" tu?

#31 Mchaga_wa_Soweto
Hilo ndilo halijathibitishwa. Usinilazimishe niseme ndiyo kwa sababu linapendeza.

#32 Mnyalukolo_Mjini
Mchaga unafanya nini Soweto ya Mbeya lakini?

#33 Mchaga_wa_Soweto
Nauza mitumba. Na nilishuka hapa 2011 sijapanda tena.

#34 Dereva_Mstaafu
Moshi kuja Mbeya unasema ulishuka? Mbeya iko juu kuliko Moshi mara mbili. Ulipanda, kijana.

#35 Mchaga_wa_Soweto
Kwetu kutoka mlimani kwenda popote ni kushuka, mzee.

#36 Shemeji_wa_Sae
Hahaha hapo #35 mmempa mzee ushahidi bure.

#37 Parachichi_Rungwe
Nachomekea jambo lingine (nimechomekea, siyo kutumbukiza). "Nakuja." Watanzania tunasimama, tunachukua kofia, tunasema "nakuja", tunaondoka. Mtoto wangu mdogo alikuwa anakaa mlangoni ananisubiri nije wakati ndiyo kwanza natoka. Sasa hivi ana miaka 4 naye anasema "nakuja" akienda kucheza. Aliipata wapi logiki yake, Mungu anajua. Kinyakyusa chetu ukisema *ngwisa* unakuja kweli.

#38 Kitonga_Express
"Nakuja" ya kiume ni saa tano usiku.

#39 Nesi_wa_Kliniki
Kuja na kwenda hata kwa lugha nyingine watoto wanachelewa kuzipanga, kwa sababu lazima ujue unasimama wapi *wewe* na anasimama wapi mwenzako. Ila "nakuja" ya Kitanzania ni kisa chake peke yake, inataja kurudi na kuruka kuondoka.

#40 Mama_Uyole
Wakuu, asanteni. Leo niliwaonyesha wote wawili video ya mbuzi aliyeteleza kwenye mteremko akavuka mfereji akaingia kwenye banda la mtu. Nilimwomba na mtoto wa jirani, Msafwa, miaka 7, Kisafwa nyumbani na Kiswahili shuleni.

Mkubwa, kwa Kiingereza: kitenzi kimoja cha kuteleza, vijineno vitatu vya njia, kamaliza. Mkubwa huyo huyo, kwa Kiswahili: "Mbuzi aliteleza... akashuka... akavuka mfereji, akaingia bandani." Safi kabisa! Alisita mara mbili lakini alibadilisha. Mdogo: "Kuna mlima, kuna mfereji hapa, banda liko hapa. Mbuzi *serereee*, kaingia." Kule kuvuka mfereji hakusema, lakini kidole kiliruka. Wa jirani kasema "Mbuzi kaserereka mpaka bandani", namna na mwisho, hakuna kushuka wala kuingia.

Sasa yule mdogo kafanya kama Mhispania wa Mwalimu, wa jirani kafanya kama anavyotaka BintiKalenga, na mkubwa kanivuruga kabisa, maana juzi alishindwa na leo kaweza.

#41 Mwl_Chaki
Mkubwa kwenye simu alikuwa na haraka. Kwenye video kajipanga. Wanaolelewa na lugha mbili wana fremu zote mbili, iliyo karibu ndiyo inayotoka.

#42 BintiKalenga
Au juzi alikuwa na mahindi mdomoni. Na wa jirani kasema "mpaka". Kwa sheria ya #9 hiyo inaruhusiwa hata Hispania, kwa hiyo hajanisaidia mimi wala hajakuangusha wewe.

#43 Shemeji_wa_Sae
Huyo mdogo na kidole chake. Huko Nikaragua kuna viziwi waliokutanishwa shuleni Managua kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, wakaunda lugha yao ya alama. Ann Senghas na wenzake, 2004, waliona hivi: watu wanaosikia wakionyesha paka anayebingirika mteremkoni wanabingirisha na kushusha mkono kwa pamoja. Viziwi waliojiunga baadaye, wakiwa wadogo, walivitenganisha: ishara ya kubingirika, kisha ishara ya kushuka. Watoto ndio waliokata tukio vipande viwili, hakuna mkubwa aliyewapa. Kwa hiyo si kila kitu kinatoka kwenye lugha ya mama. Kingine watoto wanakileta.

#44 Kitonga_Express
Mama_Uyole swali la pesa: utamsahihisha mkubwa au utamwacha?

#45 Mama_Uyole
Bibi yake kashamsahihisha. Kamwambia akisema "nimekimbia nyumbani" tena atatuma polisi.

#46 Nesi_wa_Kliniki
Usimkatize akisimulia. Rudia sentensi yake vizuri, "ahaa, ukakimbilia nyumbani?", aendelee.

#47 Bibi_Zawadi
Mleteni kijijini likizo nzima. Akifukuza ndama kushoto kulia bila kusema vizuri ndama wanaingia kwenye mihogo, atajifunza.

#48 Ndizi_Mzuzu
Mimi niko upande wa mzee Dereva. Binti yangu kazaliwa Dar, tulihamia Isanga akiwa na miaka 5. Mwaka haujaisha anasema "napanda shule", "nashuka dukani".

#49 Mtafiti_Kijiweni
Hiyo kaiga wenzake tu. Shule iko juu kweli, duka liko chini kweli.

#50 Ndizi_Mzuzu
Sawa, kaiga. Sasa likizo ya Desemba kampigia mama yake akiwa kwa shangazi yake Kariakoo: "Mama, subiri, nashuka dukani." Shangazi anakaa chini, duka liko mtaa ule ule, na Kariakoo haina hata tuta. Hapo alimwiga nani?